Ce, cet, cette, ces: maneno manne madogo yanayotupunguzia alama



Ninawaletea somo la lugha. Wahariri wameniomba niandike jambo litakalomsaidia mwanafunzi anayejiandaa kwa mitihani au anayeandika tasnifu yake, nami nimechagua vivumishi vya kuonyesha katika Kifaransa, yaani "les adjectifs démonstratifs".

Wapo watakaosema somo hili ni la shule ya msingi. Ni kweli, lilianzia huko. Lakini kila Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri huwa ninakaa na ndugu zetu wa mwaka wa mwisho kupitia rasimu zao kabla hazijafika kwa mwalimu msimamizi, na makosa ninayokutana nayo mara nyingi si ya maneno makubwa. Ndugu anayesoma uchumi ataeleza mfumuko wa bei kwa ufasaha, kisha ataandika "cette échantillon". Dada anayesoma uuguzi atayataja magonjwa kwa majina yake ya kitaalamu bila kukosea herufi, kisha ataandika "cet hypothèse". Hapa Burundi vyuo vyetu vingi vinafundisha na kutahini kwa Kifaransa. Msomaji wa jopo akikutana na kosa kama hilo katika ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili anauanza akiwa na shaka, hata kama utafiti wenyewe ni mzuri. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ninachotaka kukionyesha ni kimoja. Kulinganisha neno la kuonyesha na nomino yake si kazi ngeni kwetu. Tumeifanya tangu utotoni, tena kwa ngeli nyingi kuliko jinsia mbili za Kifaransa. Tunachopungukiwa ni mazoea ya kulihifadhi kila neno jipya pamoja na kionyeshi chake. Tukiyapata mazoea hayo, maneno haya manne hayatatusumbua tena.

1. Tuanze na tunachokijua

Katika Kiswahili sanifu tunasema mtu huyu, mti huu, tunda hili, kitabu hiki, nyumba hii. Nomino ndiyo inayoamua, na kionyeshi kinaifuata. Hata yule anayechanganya ngeli akizungumza mtaani, akirudi kwenye Kirundi hachanganyi: atasema "iki gitabu" na "aba bantu", kila neno mahali pake. Hakuna aliyemkalisha chini akariri orodha. Aliyachukua maneno mawili kwa pamoja, masikioni na mdomoni, mpaka yakashikamana.

Wale tuliopita madrasa tuna msaada mwingine. Tulifundishwa kwamba "hadha" ni kwa mudhakkar na "hadhihi" ni kwa muannath. Kifaransa nacho kinakwenda hivyo hivyo: kuna nomino za kiume na nomino za kike, na kionyeshi hubadilika kwa kufuata jinsia hiyo. Lakini kuna tofauti tatu za kuziangalia kabla hatujaendelea.

Ya kwanza ni nafasi. Kiswahili mara nyingi huweka kionyeshi baada ya nomino: kitabu hiki. Kifaransa hukiweka mbele siku zote: "ce livre". Hapa Kirundi kinatusaidia zaidi kuliko Kiswahili.

Ya pili ni alif-laam. Katika Kiarabu tunasema "hadha al-kitab", yaani kionyeshi, kisha al-, kisha nomino. Kifaransa hakikubali viwili hivyo kwa pamoja. Ukiweka "ce", basi "le" inaondoka. Tunasema "ce livre", wala hatusemi "ce le livre".

Ya tatu ni kwamba jinsia haihami kutoka lugha moja kwenda nyingine. "Shams" ni muannath katika Kiarabu, lakini jua kwa Kifaransa ni la kiume: "ce soleil". "Qamar" ni mudhakkar, lakini mwezi kwa Kifaransa ni wa kike: "cette lune". "Masjid" ni mudhakkar, lakini tunasema "cette mosquée". Kwa hiyo usikisie jinsia ya Kifaransa kwa kupitia Kiarabu. Jifunze neno lenyewe.

2. Maswali matatu kwa mpangilio

Maneno yenyewe ni haya:

ce: umoja, kiume, neno linalofuata linaanza na konsonanti. "Ce livre", "ce professeur", "ce chapitre", "ce verset".

cet: umoja, kiume, neno linalofuata linaanza na irabu au h bubu. "Cet étudiant", "cet examen", "cet imam", "cet hôpital".

cette: umoja, kike, bila kujali herufi inayofuata. "Cette faculté", "cette sourate", "cette université", "cette heure".

ces: wingi wote, kiume na kike. "Ces livres", "ces étudiants", "ces mosquées", "ces écoles".

Ukiwa na kalamu mkononi, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, ni wingi? Kama ndiyo, andika "ces" na usiendelee. Kama ni umoja, je, nomino ni ya kike? Kama ndiyo, andika "cette" na usiendelee. Kama ni ya kiume, je, neno linalofuata linaanza na irabu au h bubu? Kama ndiyo, "cet". Kama sivyo, "ce".

Mpangilio ni muhimu. Wengi wetu tunaanza na swali la tatu. Tunaona irabu katika "hypothèse" au "étude", tunakimbilia "cet", na tunasahau kwamba nomino hizo ni za kike. Irabu haina kazi yoyote mpaka uwe umehakikisha kwamba nomino ni ya kiume.

3. Sikio halitoshi

Kwa nini kosa la "cet" na "cette" linawapata hata wale wanaozungumza Kifaransa vizuri? Kwa sababu maneno haya mawili yanatamkwa sawasawa. Ukisema "cet homme" na "cette femme", sauti ya neno la kwanza ni ile ile. Mtu anaweza kuzungumza miaka kumi bila kosa lake kusikika. Kosa linajitokeza siku anapoandika, na chuoni alama nyingi zinatokana na maandishi.

Kuna sababu ya pili. Tumezoea kujifunza nomino pamoja na "le" na "la". Njia hiyo inafaa kwa "le livre" na "la table", lakini nomino ikianza na irabu, "le" na "la" zote zinageuka kuwa l' na jinsia inafichika. Ukiandika daftarini "l'examen", "l'école", "l'entretien", "l'enquête", hujui lipi ni la kiume na lipi ni la kike. Daftari lako limekuficha jambo unalolihitaji.

Kwa hiyo ninawashauri ndugu wote ninaosoma nao: andikeni nomino mpya pamoja na kionyeshi chake. Usiandike "l'échantillon", andika "cet échantillon". Usiandike "l'enquête", andika "cette enquête". Katika maandishi "cet" na "cette" haziwezi kuficha jinsia.

Haya hapa maneno ambayo karibu kila tasnifu inayahitaji. Yote yanaanza kwa irabu au h bubu, na kwa hiyo yote yanajificha nyuma ya l'.

Ya kiume: cet objectif (lengo), cet échantillon (sampuli), cet entretien (mahojiano), cet ouvrage (kitabu), cet article (makala), cet auteur (mwandishi), cet exposé (wasilisho), cet horaire (ratiba), cet héritage (mirathi).

Ya kike: cette étude (utafiti), cette enquête (uchunguzi), cette hypothèse (dhana ya utafiti), cette analyse (uchambuzi), cette approche (mkabala), cette annexe (kiambatisho), cette introduction (utangulizi), cette époque (zama), cette erreur (kosa).

Kwa maneno mengine, mwisho wa neno unasaidia. Nomino zinazoishia na -tion, -logie, -ance na -ence karibu zote ni za kike: "cette question", "cette méthodologie", "cette naissance", "cette différence", lakini tunasema "ce silence". Zinazoishia na -isme ni za kiume: "ce tourisme", "ce séisme". Zinazoishia na -ment ni za kiume karibu zote: "ce document", "ce logement". Zinazoishia na -age nyingi ni za kiume: "ce village", "ce mariage", lakini "cette page", "cette image" na "cette plage" ni za kike. Zipo pia nomino ambazo wengi wetu huzifanya za kike kwa sababu zinaishia na -e, nazo ni za kiume: "ce problème", "ce système", "ce programme", "ce diplôme", "ce phénomène", "ce thème".

Na liangalieni neno "mémoire" lenyewe. "Ce mémoire", kwa kiume, ni tasnifu unayoiandika. "Cette mémoire", kwa kike, ni kumbukumbu iliyo akilini. Mwanafunzi anayeandika "au terme de cette mémoire" mwishoni mwa kazi yake ya miezi mingi anaiaga kumbukumbu, haiagi tasnifu. Vilevile alama ndogo iliyo juu ya herufi inabeba maana: "ce jeûne" ni saumu hii, na "ce jeune" ni kijana huyu.

4. Habari ya herufi h

Herufi h haitamkwi katika Kifaransa, lakini iko ya aina mbili. Ya kwanza ni h bubu, "h muet". Hiyo tunaihesabu kama haipo, na neno linachukuliwa kuwa limeanza na irabu: "cet homme", "cet hôtel", "cet habitant", "cet héritier". Ya pili inaitwa "h aspiré", yaani h yenye pumzi. Jina hili lisikupotoshe, kwa sababu hata hiyo haina pumzi yoyote siku hizi. Kazi yake ni kuzuia tu: inazuia l', inazuia "cet", na inazuia sauti ya z isiunganishe "ces" na neno linalofuata.

Kwa hiyo tunasema "ce héros", "ce handicap", "ce hasard". Na maharage tunayokula karibu kila siku ni "ce haricot" kwa umoja. Kwa wingi ni "ces haricots", na tunatamka bila kuingiza z katikati.

Hapa sisi Waislamu tuna jambo la kufurahia. Maneno mengi yaliyoingia Kifaransa kutoka Kiarabu na kuanza na h yamechukua h yenye pumzi. Tunaandika "ce hadith", "ce hijab", "ce hadj", "ce henné", "ce hammam". Mara nyingi nimeona tangazo la darsa limeandikwa "cet hadith". Sahihi ni "ce hadith", kama tunavyosema "le hadith". Neno "Hégire", yaani Hijra, limekwenda njia nyingine: lina h bubu, tunasema "l'Hégire", na kwa kuwa ni la kike tutaandika "cette".

Ukiwa na shaka, fungua kamusi. Kamusi nyingi za Kifaransa huonyesha h yenye pumzi kwa nyota au alama nyingine ndogo, na maana ya alama hiyo huelezwa kwenye kurasa za mwanzo.

5. Angalia neno lililo jirani

Kanuni ya "ce" na "cet" inahusu neno linalofuata papo hapo, hata kama si nomino. Tunasema "cet enfant", lakini "ce petit enfant", kwa sababu "petit" inaanza na konsonanti. Tunasema "ce bâtiment", lakini "cet ancien bâtiment". Tunasema "cet auditoire", lakini "ce grand auditoire". Jinsia inatoka kwenye nomino, sauti inatoka kwa jirani.

Kwa kike hakuna cha kufikiria: "cette école", "cette ancienne école", "cette grande école". Na mtu akitajwa kwa neno la kike, kionyeshi kinakuwa cha kike hata kama mwenyewe ni mwanamume. Hamisi ni "cette personne", na akipatwa na ajali ni "cette victime". Ngeli ni ya neno.

6. "Ces" na "ses": hapa pana hatari

Sasa tufike kwenye kosa zito kuliko yote. "Ces" ina maana ya hawa, hizi, hivi, haya. "Ses" ina maana ya -ake: wake, zake, vyake, yake. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna tofauti ya sauti. Lakini angalieni maana.

Muuguzi anaandika katika daftari la mgonjwa: "Le malade doit arrêter ces médicaments." Maana yake: mgonjwa aache dawa hizi, yaani zile zilizotajwa hapo juu. Mwingine anaandika: "Le malade doit arrêter ses médicaments." Maana yake: mgonjwa aache dawa zake, na atakayeisoma zamu ya usiku anaweza kuelewa kwamba ni zote, pamoja na ile ya shinikizo la damu ambayo hakupaswa kuiacha. Daktari alitamka sentensi moja. Herufi moja imegeuza maagizo.

Mwanafunzi wa sheria anaandika: "Le locataire est parti avec ses chaises." Mpangaji ameondoka na viti vyake, hana kosa, ni mali yake. Akiandika "avec ces chaises", mpangaji ameondoka na viti hivi, na swali linazuka: ni vya nani? Katika shauri la mali, swali hilo si dogo. Nasi tunajua jinsi dini yetu inavyotuhimiza kuandika mambo ya mali na madeni kwa uwazi.

Walimu wa Kifaransa hufundisha kupima kwa kurudisha sentensi kwenye umoja: ukipata "ce", "cet" au "cette", wingi wake ni "ces", ukipata "son" au "sa", wingi wake ni "ses". Kipimo hicho ni kizuri. Lakini sisi tuna kingine cha haraka zaidi, nacho ni Kiswahili. Isome sentensi moyoni kwa Kiswahili. Ukijikuta umesema hizi, hivi, haya, hawa, au hizo, hivyo, hayo, hao, andika "ces". Ukijikuta umesema zake, vyake, yake, wake, andika "ses". Masikio yetu ya Kiswahili hayawezi kuchanganya "vitabu hivi" na "vitabu vyake". Yule anayesema kwamba Kiswahili kinatuharibia Kifaransa hajakitumia kipimo hiki.

Kuna majirani wengine wa sauti hiyo. "C'est" ni kama "ni" yetu: "c'est un hadith", hii ni hadithi ya Mtume. "S'est" hufuatwa na kitenzi: "il s'est levé", ameamka. Hayo mawili si vivumishi.

7. Hiki, hicho, kile

Kiswahili kina daraja tatu. Kitabu hiki kiko karibu nami. Kitabu hicho kiko karibu nawe, au tumekwisha kukitaja. Kitabu kile kiko mbali na sote. Kifaransa hakina daraja hizo ndani ya neno lenyewe. "Ce livre" inaweza kuwa hiki, hicho au kile. Ukitaka kutofautisha, unaongeza "-ci" au "-là" baada ya nomino, kwa kistari kifupi: "ce livre-ci" ni hiki cha karibu, "ce livre-là" ni kile cha mbali.

Hapa mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huweza kuzidisha. Tukiandika kwa Kiswahili "Tulihoji kaya arobaini. Kaya hizo zinaishi Buyenzi", hiyo "hizo" inarejelea tu, haionyeshi umbali. Kwa Kifaransa inatosha: "Nous avons interrogé quarante ménages. Ces ménages vivent à Buyenzi." Usiandike "ces ménages-là". Katika tasnifu, "hicho" na "hizo" za kurejelea hutafsiriwa kwa "ce" na "ces" bila nyongeza.

Tena kuna suala la adabu. "Ces gens-là", watu wale, mara nyingi hubeba dharau. Ukiwaandikia hivyo wakimbizi au wakulima uliowahoji, msomaji atahisi kwamba umewatazama kutoka juu. Andika "ces personnes" au "ces agriculteurs", na heshima yao itabaki.

Mahali ambapo "-ci" na "-là" zinafaa sana ni katika kutaja wakati: "ces jours-ci" ni siku hizi, "ce mois-ci" ni mwezi huu, "ce jour-là" ni siku ile, "à ce moment-là" ni wakati ule, "à cette époque-là" ni zama zile. Bila nyongeza tunasema "ce matin", leo asubuhi. "Ce soir", leo jioni. "Cette semaine", wiki hii. "Cette année", mwaka huu. "Cette nuit" inaweza kuwa usiku uliopita au usiku unaokuja; kitenzi ndicho kitakachokuambia.

8. Mambo mawili ya kumalizia

La kwanza: kionyeshi hurudiwa mbele ya kila nomino. Kiswahili kinaruhusu "walimu na wanafunzi hawa", kionyeshi kimoja kwa wote. Kifaransa kinataka "ces professeurs et ces étudiants", na "cet étudiant et cette étudiante".

La pili: "hiki" ya Kiswahili inaweza kusimama peke yake. Tunasema "kitabu hiki ni changu", na pia "hiki ni changu". "Ce" ya kivumishi haiwezi kusimama bila nomino. Nomino ikiondoka, tunatumia kiwakilishi: "celui-ci" kwa kiume, "celle-ci" kwa kike, "ceux-ci" na "celles-ci" kwa wingi. "Ce livre est à moi", lakini "celui-ci est à moi".

9. Zoezi

Jaza nafasi kabla ya kuangalia majibu. Fanya kwa kalamu, usifanye kwa mdomo, kwa sababu mdomo utakuficha makosa.

1) … hôpital est loin de … quartier.
2) … hypothèse est fausse.
3) Qui a rapporté … hadith ?
4) … ancien imam enseigne encore.
5) … haricots sont bien cuits.
6) Zainabu a perdu … clés. (Ni funguo zake mwenyewe.)
7) À … époque-là, … école n'existait pas.
8) … problème est ancien, … image le montre bien.
9) … bel arbre donne de l'ombre.
10) … honnête homme a rendu l'argent.

Majibu: 1) Cet, ce. 2) Cette, ni ya kike, irabu haina kazi. 3) Ce, h yenye pumzi. 4) Cet, "ancien" inaanza na irabu. 5) Ces, wala usiingize sauti ya z. 6) Ses. 7) Cette, cette. 8) Ce, cette. 9) Ce, jirani ni "bel", si "arbre". 10) Cet, h ya "honnête" ni bubu.

Aliyepata nane na kuendelea yuko vizuri. Aliyepata chini ya hapo achukue ukurasa mmoja wa tasnifu yake leo usiku, azungushie duara kila "ce", "cet", "cette", "ces" na "ses", kisha aulize yale maswali matatu kwenye kila duara. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha. Chembe na chembe mkate huwa. Na mwenye rasimu aje nayo Jumamosi baada ya Adhuhuri, ndugu kwa dada, tuipitie pamoja kabla haijafika kwa msimamizi.

Allah atufanyie wepesi katika masomo yetu na aijaalie elimu yetu iwe yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.